Nyundo Si Dawa ya Kutu

Ndugu mvuvi, pangaboi likiganda kwenye shafti kwa kutu na fundi akaokota nyundo, mnyang'anye. Sitanii. Pigo haliishii kwenye pangaboi, linafika mpaka kwenye beringi na gia ndani ya giaboksi. Pigo la upande linapinda shafti, sili inaanza kuvuja, maji ya chumvi yanaingia, oili ya gia inageuka nyeupe kama maziwa. Baadaye mnalaumu spea feki!

Wapo pia wanaochoma kwa gesi. Mapangaboi mengi yana raba katikati. Ikiungua, injini itanguruma na boti itabaki palepale, nanyi mko nje ya mwamba upepo unawasukuma.

"Hatuna muda, usiku tunaingia baharini." Hoja hiyo naisikia kila diko. Wenye boti nao wanachangia, maana wanamsifu fundi kwa haraka yake. Kazi yenyewe inataka usiku mmoja tu. Chomoa waya za plagi, toa pini na nati, nyunyizia mafuta ya kulegeza kutu pande zote mbili za kitovu, ukalale. Asubuhi mwagia kitovu maji ya moto, kisha vuta kwa pula. Likigoma, rudia. Injini ya zamani huenda ikataka siku mbili.

Likitoka, safisha meno ya shafti, paka grisi inayostahimili maji, na ulitoe tena kila mwezi hata kama halisumbui. Kagua na nyuma yake: mshipi ukijisokota pale unakata sili.