Jino la mtoto halizibwi kwa amoksilini

Mhariri,

Hapa Tanga mtoto akilia jino usiku kucha, asubuhi mzazi hukimbilia duka la dawa au kwa daktari wa meno, na mara nyingi kote huko hurudi na amoksilini. Mjukuu wa jirani yangu ana tundu kwenye gego la chini, punje ya wali inazama. Hana homa, shavu halijavimba. Kliniki moja ikamwandikia amoksilini na flajili, jino halikuguswa.

Maumivu hayo hutoka kwenye kiini cha jino, na antibiotiki haikitibu. Panadoli ya maji, kwa kipimo cha uzito wake, humtuliza. Kisha jino lizibwe au ling'olewe. Uvimbe ukisambaa au homa ikipanda ndipo antibiotiki ina kazi, na hapo mtoto akimbizwe hospitali ya Bombo bila kungoja. Zikitumiwa bila sababu, dawa hizi huchochea usugu wa vimelea, na usugu huo uliua moja kwa moja watu wapatao milioni 1.27 duniani mwaka 2019.

Najua wazazi wengine huona hawajatibiwa wasipopewa dawa. Madaktari wetu wa meno, kuanzia Pangani hadi Mkinga, tafadhalini tuelezeni kwanza, kisha mlitibu jino lenyewe.

Mzazi,
Chumbageni, Tanga