Shaba ni shaba: tununue fili kwa kipimo, si kwa hadithi

Mchimbaji akitoka Kisengo ao Manono na makuta kidogo, akifika Kalemie kitu kimoja anachotafuta mapema ni muziki ya nyumba: ampli na bafle mbili. Hapo muuzaji anaongeza maneno. Bila fili ya bei kali yenye vichwa vya zahabu, na bila miguu ya mpira ya kuzuia mtikisiko, eti hautasikia sauti ya kweli. Siye tunaona sehemu ndogo ya maneno hayo ni kweli. Sehemu kubwa ni biashara tu, na inayolipa ni jasho ya mtu wa shimo.

Tuanze na fili. Kazi yake ni kupeleka umeme toka ampli mpaka kwa bafle bila kuupoteza njiani. Tunaangalia vitu vitatu: urefu, unene na chuma chenyewe. Fili ya shaba ya 1,5 mm², urefu wa mita 5, ni mita 10 ukihesabu kwenda na kurudi. Upinzani wake ni karibu 0,11 ohm. Kwa bafle ya 8 ohm, hiyo haifiki sehemu 2 kwa 100, na sikio haliwezi kuitambua. Ukitumia fili nyembamba ya 0,5 mm², upinzani unapanda mara tatu, na kwa bafle ya 4 ohm sauti inaweza kuanza kupungua. Basi lipia unene. Ukishafika unene unaofaa, falanga unazoongeza haziongezi muziki.

Na zahabu je? Haishiki kutu, hiyo ni kweli, na huku kwetu kando ya ziwa inaweza kusaidia vichwa visichafuke. Lakini shaba inapitisha umeme vizuri kuliko zahabu. Tena ile iliyopakwa pale ni ngozi nyembamba sana: ukiikwangua yote, mizani ya mnunuzi wa zahabu haitasogea.

Hatari ya kweli iko kwingine. Kuna fili za aluminiamu zilizopakwa shaba juu, zinauzwa kama shaba. Upinzani wake unazidi ule wa shaba kwa nusu nzima na zaidi. Kuitambua si kazi ngumu: kwangua kwa kisu, ukiona weupe ndani, ni aluminiamu. Mkononi pia iko nyepesi. Kwenye bafle itapunguza sauti kidogo tu. Lakini watu wanaitumia hata kuvuta umeme wa nyumba nzima, na ikiwa nyembamba inapata joto mpaka plastiki inayeyuka. Hapo si mambo ya muziki tena, ni nyumba kuungua na watoto ndani.

Tuje kwa mtikisiko. Wenye kuwa bado na mashine ya sahani za zamani wanajua: sindano inasoma kila kinachotikisika, hata mguu wa mtu anayepita. Kwa mashine ile, mpira chini unasaidia kweli. Lakini wengi wetu tunapiga muziki toka telefone ao kadi ya memoire. Mule hakuna kinachozunguka, na mpira chini ya ampli hautabadilisha kitu. Bafle ndiyo inatikisa: ikiwa juu ya meza ya mbao, meza inaanza kuimba nayo, na manjanja yanajibu kule juu. Iweke juu ya matofali, tia kati kipande cha mpira wa ndani wa kinga ya zamani, na uiondoe kwenye kona ya ukuta. Pazia nzito na mkeka vinapunguza mwangwi wa kuta za simenti. Kazi hiyo haiombi miguu ya dola 50.

Kuna watakaosema: «Siye tumesikia tofauti kwa masikio yetu.» Hatuwaiti waongo. Sauti ikiongezeka kidogo tu, sikio linasema imekuwa nzuri zaidi, na mtu akishalipa bei kubwa, moyo unataka kusikia faida. Ndiyo maana tunasema tupime. Mtoto abadilishe fili nyuma ya kitambaa, mara 10, volume isiguswe, na wewe useme ni ipi. Ukipata 5 ao 6, umebahatisha. Mmarekani James Randi alitangaza mwaka 2007 kwamba angetoa dola milioni moja kwa mtu atakayeonyesha hivyo kwamba fili za zaidi ya dola 7.000 zinapita fili za kawaida. Dola zile hazikupata mwenyewe.

Kupima si kitu kigeni kwetu. Coltan ya Kisengo inatoa tantale inayoingia ndani ya kondansateri za telefone na mashine nyingi. Kasiterite ya Manono inatoa bati inayounganisha vipande vya ampli. Shaba ya Kolwezi inaenda kuwa fili. Mnunuzi akija kwa mchimbaji, anauliza kilo ngapi na ubora asilimia ngapi. Hadithi ya jiwe lako haimuongezei mkono. Mbona yale madini yakiturudilia ndani ya butiki, siye tunalipia hadithi?

Feza ni za mwenyewe, atazitumia anavyotaka. Lakini mama wa nyumba ana haki ya kuuliza. Kwanza bafle nzuri, kwa sababu ndiyo inayotoa sauti. Pili stabilisateur, kwa sababu umeme unaopanda na kushuka unaua ampli. Tatu fili ya shaba ya kweli, 1,5 mm² ao 2,5 mm², inayokatwa kwa mita. Kinachobaki kilipe minerval ya mtoto wa secondaire, na uende butiki ukiwa na kisu kidogo mfukoni.