Mshika Mbili na Msusi wa Ukili

Methali zetu ni hazina, walakini hata hazina huweza kutumiwa vibaya. Iko moja ambayo wanaume wengi, na baadhi yetu walimu pamoja nao, huwatupia wanawake kila waonapo ukili umeviringwa pembeni, kofia ya sufu haijakwisha, na kikapu hakijatiwa mikono: "Mshika mbili, moja humponyoka." Kisha hukata shauri kwamba mwenye nyumba hiyo hana nia moja. Katika chama kimoja cha akina mama nilisikia ikitakwa iwe sheria, kwamba mtu asianze kazi ya pili kabla ya kuimaliza ya kwanza. Mimi naipinga sheria hiyo, na sababu zangu ni hizi.

Kwanza, asemaye hivyo haijui kazi yenyewe. Majani machanga ya mkindu hukatwa, yakaanikwa juani, yakachanwa. Mengine huchemshwa pamoja na rangi, yakaanikwa tena. Ndipo ukili husukwa, na ukiisha kuwa mrefu wa kutosha ndipo hushonwa ukawa mkeka. Je, siku zile ambazo jua ndilo lifanyalo kazi, mikono ya mama ifanye nini? Ikunjwe? Mkulima aliyepanda mahindi hangoji kuyavuna ndipo apande muhogo, wala hakuna amwambiaye kwamba ameshika mbili.

Pili, kazi hazifanani. Ukili waweza kusukwa barazani, hata penye taa hafifu, kwa kuwa vidole vimekwisha kuuzoea. Kadhalika wanawake wa Ukambani wamejulikana kwa kusuka viondo huku wakitembea njiani. Bali kushona mkeka kwataka nafasi na mwanga, na sweta yenye nakshi yataka kuhesabu vitanzi, naye ahesabuye hawezi kuzungumza na mgeni. Basi mwenye kazi ya mchana na kazi ya mazungumzo ameipa kila saa kazi yake. Mfumi wa nguo ni mbali: mtande ukiisha kufungwa katika kitanda chake, hakipokei mwingine mpaka ule utolewe. Tusimtie msusi katika sheria ya mfumi.

Tatu, tufikiri habari ya fedha. Mkeka mzuri huchukua majuma mengi. Kofia ya mtoto huchukua siku chache tu. Aliye na mkeka peke yake hana senti mpaka siku ya kuuza, na daftari la mtoto halingoji siku hiyo. Kofia ndiyo inunuayo chumvi wakati mkeka ungali unasukwa. Amkatazaye mama kofia amemnyang'anya chumvi.

Lakini simtetei kila mtu. Wako waanzao wasimalize. Nyumbani mwangu mwenyewe sweta ya mtoto ilianzwa, ikaachwa, na sindano zake zikachomolewa kwa kazi nyingine. Iliporudiwa, sufu ilikuwa imekwisha, na ile iliyonunuliwa baadaye ikawa na rangi tofauti kidogo, maana sufu hutiwa rangi fungu kwa fungu. Tena vitanzi vya pili vilikazwa kuliko vya kwanza, kwa sababu mkono husahau. Na mtoto naye alikuwa amekua. Hapo methali yanena kweli. Ubaya zaidi ni kupokea arubuni ya mikeka mitatu kwa watu watatu, kuila yote, na kumwambia kila mmoja, "Njoo kesho." Huyo hakushika kazi tatu, ameshika madeni matatu.

Basi chama kikitaka sheria, na kiweke hizi. Kazi isianzwe kabla vifaa vyake vyote havijapatikana. Sindano zisichomolewe. Hesabu ya vitanzi iandikwe katika karatasi, ikae pamoja na kazi. Arubuni ya pili isipokewe kabla mwenye arubuni ya kwanza hajapata mali yake. Na kazi ya nne isianzwe mpaka moja katika zile tatu imetoka nyumbani. Sheria hizi zitamkamata mzembe, na mwenye bidii zitamwacha huru.

Nasi wanaume, kabla ya kuitupa methali, na tuhesabu: shamba, mbuzi, mizinga ya nyuki, na shauri la barazani lisilokwisha tangu mwaka jana. Tumeshika mangapi? Usiku huu utakapojilaza, ewe ndugu, upapase mkeka ulio chini yako. Yamkini aliyeusuka alikuwa na kazi nyingine mbili kando yake, nawe hukulalamika ulipoutandika.