Muda Peke Yake Hauponyi, Uliza Waru

Wasee, leo tuongee kuhusu waru. Usitoroke bado.

Miezi michache baada ya kuacha chuo niliamua kuuza waru mtaani. Mathe alinikopesha pesa zake za chama, nikaleta magunia mawili ya Shangi kutoka Kinangop. Nyingi zilikuwa zimeumia. Hapa jembe limepita, pale ngozi imebambuka. Nikajiambia wateja wanapenda kitu safi, basi nikaziosha zote, nikazirundika kwa kona na kuzifunika na nailoni. Siku ya nne chumba kizima kilinuka. Karibu nusu ilikuwa imegeuka uji.

Nilimpigia mkulima simu nikamlaumu sana, eti ameniuzia waru mbovu. Baadaye nikaanza kusoma, nikagundua mbovu alikuwa mimi.

Iko hivi. Waru ikishachimbwa bado iko hai, inapumua. Ukiikata, seli za juu zinakufa, lakini zile za chini yake zinaanza kazi. Kwanza zinapaka kuta zake kitu kinaitwa suberini, kitu kama nta kinachozuia maji kutoka na viini vya ugonjwa kuingia. Ndiyo hiyo hiyo inapatikana kwa gome la mti unaotengeneza vizibo vya chupa za divai. Hiyo ni huduma ya kwanza tu. Halafu chini yake seli zinagawanyika na kujipanga safu juu ya safu kama matofali, mpaka ngozi mpya inapatikana. Kile kigamba kigumu cha kahawia unachokwaruza na kisu ukipika? Hilo ni kovu.

Sasa sikia hapa. Kazi hiyo haifanyiki popote. Inataka joto la wastani, kama nyuzi 13 hadi 18, hewa yenye unyevu mwingi, na oksijeni. Ikipata hayo, jeraha linafungika vizuri kwa wiki moja hadi mbili. Baridi ya friji inaichelewesha sana. Hewa kavu inakausha jeraha kabla halijafungika. Na ukiilowesha kama mimi, maji yanafunika jeraha, oksijeni haifiki, na bakteria wa kuozesha wanafanya sherehe.

Kwa hivyo mtu akiniambia "muda huponya", mimi nakataa. Waru zangu zilipewa muda. Zilikosa mazingira.

Na hapa ndipo nina maneno na sisi sote. Shangi inachipua haraka, bei haitabiriki, na mkulima ana karo ya kulipa. Kwa hivyo anachimba kabla ngozi haijakomaa, badala ya kukata majani na kungoja wiki mbili hivi ndio avune. Waru inarushwa kwa lori, inatupwa sokoni, halafu sisi tunamwambia mama mboga apunguze bei kwa sababu zimechubuka. Kila mtu ana haraka, na hasara inamwangukia aliye chini kabisa.

Hata kwa watu tunafanya hivyo. Nilipoacha chuo, kila shangazi aliuliza, "Sasa unafanya nini?" Wiki ya kwanza! Walikuwa wanataka ngozi mpya na jeraha bado bichi. Mathe peke yake hakuuliza. Alinipa chumba, chakula, na kazi ndogo ndogo za nyumba. Sikupona kwa sababu miezi ilipita. Nilipona kwa sababu kuna mtu alinitengenezea mahali pa kuponea. Na sijarudi kuwa yule wa kwanza, sawa tu na waru, kipande kilichokatwa hakioti tena.

Kwa hivyo, ukinunua waru nyingi: toa zilizooza, usioshe mpaka siku ya kupika, weka gizani zisigeuke kijani, na ziache zipumue. Zilizokatwa sana kula kwanza. Na ukiwa na rafiki ameumia, acha kumuuliza atapona lini. Angalia kwanza umemweka wapi.

Mkulima nilimpigia tena nikaomba msamaha. Deni la mathe bado nalipa, mia mia. Wewe ni nani alikupa mahali pa kuponea? Niambie hapo chini.