Bruges, Mji Uliokimbiwa na Bahari



Akina mama kadhaa wa jumuiya wametulaumu kwamba safu hii husifu safari za nyumbani tu, ilhali nauli ya familia nzima hadi Unguja au Mombasa ni mzigo wa kudunduliza miaka miwili. Lawama hiyo ni ya haki. Basi mwezi huu tunawaelezea safari ya siku tatu isiyohitaji ndege, tuliyoifanya Septemba iliyopita katika mji wa Bruges, Ubelgiji.

Tulikuwa watu saba: sisi na mama watoto, wajukuu wetu wawili, na jirani yetu mwenye asili ya Kasongo, mashariki ya Kongo, pamoja na mkewe na mwanawe. Garimoshi lipitalo chini ya bahari hutoka London hadi Brussels kwa muda wa saa mbili hivi, kisha hupandwa jingine la saa moja hadi Bruges. Wenye pasipoti za Uingereza hawahitaji viza kwa safari fupi, ila pasipoti isiwe imetimiza miaka kumi tangu siku ilipotolewa. Jirani yetu, ambaye bado husafiri kwa pasipoti ya Kongo, alilazimika kuomba viza, naye aliomba miezi miwili kabla. Mwenye hali kama yake asingoje mpaka wiki ya mwisho.

Kutoka stesheni mtu huingia mjini kwa miguu, na hapo ndipo raha ianzapo. Nyumba ni za matofali, mapaa yake yamepanda kama ngazi, na mifereji ya maji hupita nyuma ya kuta zake. Magari ni machache katikati ya mji, hata watoto waliweza kutangulia mbele bila ya bibi yao kupaza sauti. Kwenye uwanja wa soko umesimama mnara wa kengele wenye urefu wa mita 83. Ngazi zake ni 366. Mjukuu wetu mkubwa alizihesabu zote akatangaza kuwa ni 364, nasi hatukuwa na pumzi ya kubishana naye. Huko juu zimo kengele 47 zipigwazo kwa ala maalumu, na kila robo saa mji mzima husikia.

Ukiwa juu ya mnara utaona jambo la ajabu kwa mji uliotajirika kwa biashara ya majini: bahari ipo mbali. Haikuwa hivyo zamani. Mwaka 1134 tufani kubwa ilifungua ghuba iitwayo Zwin, na kwa njia hiyo merikebu zikaukaribia mji. Mwaka 1277 zikafika merikebu za Genoa, baadaye za Venice, zikileta pilipili manga na viungo vingine vilivyokuwa vimevuka Bahari ya Hindi na kupita katika mikono ya Waislamu wa Misri. Kutoka Uingereza ililetwa sufu, nayo ikafumwa nguo zilizosifika Ulaya nzima. Wafanyabiashara wa kigeni walikutana mbele ya nyumba ya wageni ya ukoo wa Van der Beurze, na jina la ukoo huo ndilo Wafaransa na wengineo wanaloliita hadi leo soko la hisa. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 na kuusifu uzuri wake, Bruges nayo ilikuwa katika neema yake. Kisha mchanga na matope yakaijaza Zwin kidogo kidogo. Mwaka 1488 wenyeji walimfunga mtawala wao, Maximilian, naye alipofunguliwa akawahimiza wageni wahamie Antwerp. Biashara ikahama. Mji haukuwa na fedha ya kubomoa nyumba za kale na kujenga mpya, na umaskini huo ndio uliotuhifadhia haya tunayoyatazama leo.

Kuhusu chakula, tuwe wakweli. Vibanzi vya Ubelgiji ni vitamu mno, lakini kwa desturi yao hukaangwa kwa mafuta ya ng'ombe, na ng'ombe huyo hatujui amechinjwa vipi. Wako wakaangao kwa mafuta ya mimea. Uliza kabla ya kulipa, wala usione haya. Chokoleti nazo, nyingi hutiwa vileo ndani, nazo hazitofautiani kwa sura na zisizotiwa. Mama watoto alimsimamisha muuzaji dukani akamtajia moja moja yaliyomo, na nyuma yetu watu wakapanga foleni. Sala tulizipunguza na kuzikusanya kama aruhusiwavyo msafiri, chumbani mwetu, madirisha yakitazama mfereji wenye mabata maji weupe.

Siku ya Jumamosi tulikaa tu. Tulipanda mashua kwa nusu saa, tukapita karibu na hospitali ya kale ya Sint-Jan iliyoanzishwa katika karne ya 12, tukaenda hadi kwenye vinu vya upepo vilivyo juu ya boma la mji, na huko watoto wakabingirika nyasini. Ilitosha.

Jumapili asubuhi mjukuu mdogo akauliza, "Babu, bandari gani hii isiyo na bahari?" Tukapanda garimoshi la robo saa hivi hadi Blankenberge, mji mdogo wa pwani, ili akaione bahari mwenyewe. Tulijua kuwa huko kuna ukumbusho wa Wabelgiji wawili waliouawa Kongo. Hatukumtajia jirani yetu mapema. Tulidhani tungepita tu.

Ukumbusho huo uko kwenye barabara ya ufukweni, kazi ya mchongaji Guillaume Charlier, na ulizinduliwa mwaka 1900. Ni wa Luteni Lippens na Sajini De Bruyne, huyu wa pili mzaliwa wa Blankenberge. Walikuwa wamewekwa Kasongo na dola ya Mfalme Leopold, mji huo ukiwa mikononi mwa Waungwana waliotoka pwani yetu. Vita vilipozuka mwaka 1892, Sefu bin Hamed, mwana wa Tippu Tip, aliwashika. De Bruyne akapelekwa mto Lomami azungumze na wenzake waliokuwa ng'ambo. Wakamsihi ajitupe majini aogelee. Akakataa, kwa kuwa Lippens angebaki peke yake Kasongo. Wote wawili wakauawa huko mwezi wa Desemba.

Jirani yetu alisimama muda mrefu. Mjukuu mkubwa, aliyekuwa akisikiliza, akauliza kwa sauti, "Kwa hiyo waliowaua ni watu wetu?"

Kwa miaka mingi tuliisomesha historia hii darasani, na tunakiri kwamba tuliisomesha nusu. Tulieleza habari za mpira na mikono iliyokatwa katika Kongo ya Leopold, na ni kweli tupu. Habari za misafara ya pembe na watumwa tulizipitia haraka, na jina la Tippu Tip tukalitaja kama la msafiri shujaa, bila kusema sana kwamba mwaka 1887 yeye mwenyewe alikubali kuwa liwali wa Leopold kwenye maporomoko ya Stanley. Siku ile, mbele ya mtoto, tulijibu, "Ndiyo, walikuwa watu wetu." Kisha tukamweleza na yale ambayo dola ya Leopold iliwatenda watu wa nchi ile baada ya kuutwaa mji wa Kasongo mwaka 1893.

Jirani yetu akatugeukia. "Mwalimu," akasema, "kwetu husemwa kwamba babu mkuu upande wa baba alikuwa Muungwana, aliyekuja na msafara. Na bibi mkuu alinunuliwa Nyangwe. Kiswahili changu na Uislamu wangu vimetoka kwa hao wawili. Sijapata kuwaambia watoto habari ya bibi." Akamwita mwanawe, kijana wa miaka kumi na mitatu, wakaenda kukaa kwenye benchi linalotazama bahari. Hatukuwafuata. Mkewe alitutolea chai ya chupa na maandazi aliyoyaandaa Alhamisi, yaliyokuwa yamekwisha kuwa magumu, tukala na upepo ukitujaza mchanga machoni.

Waliporejea, yule kijana hakuwa na neno. Kwenye garimoshi la kurudi Bruges kuchukua mizigo, mjukuu mdogo alimwuliza kama Kasongo kuna bahari. Akajibiwa kuwa hakuna, ila kuna mto karibu.