Doria Baharini, Dhamana Mahakamani

Serikali za mwambao wetu hupenda kuivisha vita ya unga mizani na moshi. Aprili 2014 manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilinasa jahazi lenye kilo 1,032 za heroini mashariki ya Mombasa. Agosti mwaka huohuo Kenya ikailipua baharini meli ya Al Noor, iliyokutwa na zaidi ya kilo 300, Rais Uhuru Kenyatta akishuhudia. Umma ukaambiwa adui amepigwa.

Amepigwa nani? Manowari za ushirikiano wa kimataifa zikamatapo unga katika bahari kuu, desturi yao ni kuuangamiza mzigo na kuliachia jahazi pamoja na mabaharia wake. Watetezi wa doria husema kila kilo iliyozama ni kilo isiyofika mitaani. Ni kweli, ila mwenye mali hakuwamo chomboni.

Mwenye mali yuko nchi kavu, na huko ndiko jicho la dola linakopata ukungu. Ndugu wawili, Baktash na Ibrahim Akasha, walikamatwa Mombasa Novemba 2014. Kwa zaidi ya miaka miwili shauri la kuwapeleka Marekani lilipigwa danadana, nao muda mwingi wako nje kwa dhamana. Januari 2017 wakasafirishwa hadi New York, na Oktoba 2018 wakakiri makosa yao. Baktash akapewa miaka 25, Ibrahim 23. Huko ndiko ilikobainishwa kwamba maofisa wa Kenya, wa mahakama wakiwamo, walihongwa ili shauri lisifike mwisho. Aibu iliyoje, siri ya mahakama ya Mombasa kufunuliwa Manhattan!

Tanzania ilitunga sheria mpya 2015 na kuunda mamlaka yake 2017. Zanzibar ikapata sheria yake 2021. Desemba 2023 mamlaka ya Bara ilitangaza kukamata kilo 3,182 katika Dar es Salaam na Iringa. Ni kazi kubwa, asibezwe aliyeifanya. Lakini tangazo la kilo halitoshi. Litolewe na la pili, mwaka kwa mwaka: askari, mwendesha mashtaka na mtumishi wa bandari wangapi wameshitakiwa kwa kuupisha mzigo?

Lugha nayo imechukua upande. Muuzaji mkubwa ni “kigogo”, au “mzungu wa unga”, majina yenye harufu ya heshima. Kijana wa Unguja au Lamu aliyeathirika ni “teja”: mteja aliyenyofolewa ile m- ya utu, akatupwa katika ngeli ya magari na magunia. Huyo hahitaji manowari wala upelelezi. Msako wa usiku humkuta barazani na kete mbili, na asubuhi hakuna wa kumwekea dhamana.