Maneno Matupu Yaliyofukua Mifupa

Ofisa akihamishiwa Kilwa huonywa kabla hajapanda basi. Ataambiwa watu wa kule wameharibiwa na baraza. Kuanzia Somanga hadi Lindi mjini, ataambiwa, kazi ni kukaa, kunywa kahawa, kupiga soga, halafu kulia umaskini. Nimeisikia hukumu hiyo kwa wenye shahada na kwa wasio nayo, kwa wageni na, la kusikitisha zaidi, kwa vijana waliozaliwa hapahapa na kulelewa kwenye mabaraza hayo hayo.

Imani hiyo ina mkia, na mkia ndio wenye sumu. Ikishakubalika kwamba mazungumzo ya barazani ni porojo, inafuata kwamba hayana bei, na anayekuja kuyachota hadaiwi kitu na mtu. Hata methali zimeitwa kutoa ushahidi. Maneno matupu hayavunji mfupa. Ada ya mja hunena, mwungwana ni kitendo.

Tuanze na huo mfupa, maana Lindi tunao wa kutosha.

Mwaka 1906 mhandisi wa Kijerumani aliyekuwa akitafuta madini, Bernhard Wilhelm Sattler, alifika kwenye kilima cha Tendaguru, kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi, akaona mifupa mikubwa imechomoza ardhini. Masimulizi mengi yanaishia hapo: Sattler kagundua. Kagundua nini? Nchi ile ni ya Wamwera. Watu walikuwa wakilima kule, wakiwinda kule, wakikata njia kule. Mfupa unaokaribia urefu wa mtu haukai juu ya ardhi vizazi na vizazi ukimsubiri mgeni aje auone. Wenyeji waliuona, wakaulizana, wakabuni na hadithi za kuueleza. Mgeni hafiki mahali kama pale bila mwenyeji wa kumwongoza, na mwenyeji anayeongoza hafungi mdomo njia nzima.

Kuanzia 1909 hadi 1913 Jumba la Makumbusho la Berlin likapeleka msafara, likiongozwa na Werner Janensch na Edwin Hennig. Vibarua walifika mamia, misimu mingine wapatao 500. Mifupa ikachimbwa, ikafungwa, mingine kwa mianzi, ikabebwa kichwani na mabegani kwa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Jumla ilizidi tani 200. Mmoja wa dinosaria waliotoka humo amesimama Berlin tangu 1937, kimo chake mita 13.27, na watoto wa Kijerumani hupigwa picha miguuni pake.

Sasa tazama heshima ilivyogawiwa. Huyo mrefu alipewa mwaka 1914 jina la Branca, mkuu wa taasisi kule Berlin. Mwingine, mwaka huohuo, akapewa jina la Hansemann, daktari aliyesaidia kuchangisha fedha za msafara. Wa tatu, mwaka 1919, akapewa jina la Lettow-Vorbeck, jemadari. Lettow-Vorbeck! Mtu ambaye vita vyake viliwakokota wapagazi wa nchi hii hadi kufa, na ambaye Oktoba 1917 alipigana Mahiwa, hukuhuku Lindi. Mfadhili kapata mnyama, mkubwa wa ofisi kapata mnyama, mwanajeshi kapata mnyama.

Boheti bin Amrani, msimamizi wa vibarua na fundi mkuu wa kuandaa mifupa, mtu ambaye msafara haukuenda bila yeye, alisubiri hadi 2007 ndipo mnyama mmoja akaitwa Australodocus bohetii. Mohammadi Keranje, aliyegundua mifupa ya mwingine, alisubiri hadi 2019, zaidi ya miaka 100, ndipo mnyama huyo akaitwa Wamweracaudia keranjei, jina lake na la Wamwera yakiwa pamoja. Ni jambo jema, nalipongeza, ingawa wenyewe hawakuwepo kulisikia.

Kama maneno ya wenyeji wale yalikuwa matupu, mbona yamejaza ukumbi mzima Berlin?

Mtu ataniambia hayo ni ya Wajerumani, yamepita na ukoloni wao. Hayajapita. Twende Kilwa Kivinje.

Mgeni kutoka Dar es Salaam anapita sokoni saa nne asubuhi, anawakuta wanaume wamekaa kwenye baraza, kete za bao zinagonga, muuza kahawa anazunguka na birika lake na kashata kwenye sahani. Anatikisa kichwa: watu wazima, saa za kazi! Hajui kwamba nusu yao wametoka baharini alfajiri, wameshusha samaki, wameshauza, na wamekaa hapo wakisubiri maji. Wala hajasikiliza wanachosema. Mmoja anaeleza mkondo ulivyomsukuma jana usiku akaukosa mwamba anaoujua tangu utoto. Wa pili anabisha, anasema kusi limewahi mwaka huu. Wa tatu anauliza bei ya dagaa iliyotajwa na tajiri wa jana, na kama mizani yake ilikuwa ya haki. Dakika 20 za mazungumzo hayo zina habari za hali ya hewa, za uvuvi na za soko ambazo ofisi ingezitafuta kwa gari, dereva na mafuta.

Na hao ni wanaume, ambao soga zao angalau hupewa heshima ya kuitwa baraza. Wanawake wakikaa kusuka ukili, au wakirudi na pweza maji yakianza kujaa, mazungumzo yao huitwa umbea. Lakini ni wao wanaojua mtoto gani hajaonekana shuleni tangu wiki iliyopita, kisima kipi kimeanza kuingia chumvi na miamba ipi pweza wameihama. Ofisa wa lishe, ofisa wa maji na ofisa wa uvuvi wote wanaitaka habari hiyo. Wakishaipata wanaiita takwimu, na aliyeitoa anabaki mmbea.

Najua jibu linalotolewa: mbona tunawalipa? Tunawaita semina, tunawapa posho. Hapa ndipo ninapogombana hata na baadhi ya rafiki zangu, wanaodhani dawa ya dhuluma ya maneno ni kuyawekea bei kwa kichwa.

Hebu iangalie semina yenyewe kwa karibu. Imeandikwa saa tatu, inaanza saa nne na nusu. Karatasi ya mahudhurio inazunguka kabla hata ya salamu: jina, kijiji, namba ya simu, sahihi. Chupa za maji mezani. Mwezeshaji anaandika CHANGAMOTO kwenye bango kitita, anapiga mistari miwili chini yake, anageuka: "Haya, washiriki, tuchangie." Kimya. Kisha yule aliyezoea semina anasimama na kutaja upungufu wa elimu, kwa kuwa anajua upungufu wa elimu haumkwazi mtu. Mwingine anaongeza ukosefu wa mitaji. Bango linajaa. Hakuna anayetaja wanaovua kwa mabomu, kwa sababu jamaa ya mmoja wao amekaa mstari wa pili. Hakuna anayembishia mwenziwe, kwa sababu ubishi unachelewesha bahasha. Aliye kimya analipwa sawa na aliyesema, na aliyesema uongo sawa na aliyesema kweli. Saa nane wali unaliwa, bahasha zinatolewa, watu wanatoka. Halafu pale nje, chini ya mwembe, wakisubiri bodaboda, ndipo mazungumzo yenyewe yanaanza! Mwezeshaji yuko ndani anakunja bango lake.

Ukilipa kwa kichwa utapata vichwa. Posho ya namna hiyo inanunua kukaa, na kukaa ndiko tulikokuwa tukiwatukana nako watu wa baraza. Na tusijifanye ni ugonjwa wa vijijini. Mwaka 2011 Zitto Kabwe, akiwa mbunge, alizikataa posho za vikao kwa hoja kwamba kukaa kikaoni ndiyo kazi yenyewe ya mbunge, na wenziwe wengi hawakupendezwa. Wanaomcheka mvuvi wa Kivinje kwa kuitaka bahasha yake wangeanza kuhesabu za kwao.

Baraza lenyewe lina utaratibu wake wa malipo, tena mkali kuliko wa mhasibu. Anayesema jambo la maana huulizwa tena kesho. Hupishwa mahali, husogezewa kikombe, neno lake hupelekwa majumbani na jina lake likiwa juu yake: "Fulani kasema." Anayetia chumvi hukatizwa hapohapo, hutaniwa kwa ngano yake mwezi mzima, na siku akisema kweli itambidi alete shahidi. Uongo barazani upo, fitina ipo, wala sitaki kuwapamba. Lakini uongo wa barazani hukutana na wabishi kumi wasio na sahihi ya kuilinda. Ule wa kwenye bango kitita hupigwa picha na kupelekwa makao makuu.

Wapo waliokwisha kuona njia nyingine. Wanafunzi wa historia wa chuo cha Dar es Salaam walitoka miaka ya 1960 kwenda kwa wazee wa kusini kuuliza habari za Maji Maji, vita vilivyoanza Umatumbi Julai 1905. Waliandika, pamoja na masimulizi, majina ya wazee waliosimulia. Leo mjukuu anaweza kumkuta babu yake kwenye ukurasa. Na kilichosimuliwa kilikuwa nini? Pamoja na mengine, ule mnong'ono ulioitwa njwiywila, uliopita nyumba kwa nyumba kabla ya risasi ya kwanza, watu wakiambiana habari za mganga Kinjikitile wa Ngarambe. Dola ya Kijerumani ilikuwa na askari, bunduki na boma. Ilichokosa ni mtu wa kuichukulia kwa uzito soga ya Wamatumbi.

Njia ya pili iko msituni, Kilwa. Mwaka 2009 vijiji vya Kikole na Kisangi, vikisaidiwa na shirika la Mpingo Conservation & Development Initiative, vilipata cheti cha kimataifa cha FSC cha usimamizi wa misitu yao ya asili, cha kwanza cha aina yake Afrika. Zamani mfanyabiashara aliuliza mpingo uko wapi, akaonyeshwa, akakata, akaenda. Chini ya utaratibu wa msitu wa kijiji, gogo linalouzwa linaingiza fedha kwenye mfuko wa kijiji, na matumizi yake yanajadiliwa kwenye mkutano mkuu, kwa kelele zote za mkutano mkuu. Hakuna aliyelipwa binafsi kwa kusema mpingo uko bonde lipi. Lakini ujuzi wa bonde hilo haukuporwa, ulirudi kama fedha ya wote. Sisemi vijiji hivyo havina matatizo. Nasema wanaouzungumzia msitu ndio wanaokula matunda yake, na hilo halikutokea Tendaguru.

Kwa hiyo sitaki bei ya neno moja moja, wala sitaki karatasi nyingine ya mahudhurio. Mtu ukimwita aache siku yake ya bahari au ya shamba, mfidie siku hiyo waziwazi, kila mtu kiasi kimoja, kama nauli na chakula, na usikiite kipimo cha mchango wake. Baada ya hapo nenda kakae barazani, wewe ndiye mgeni, nunua kahawa ya watu wote, sikiliza. Ukichukua habari ya mtu, muulize kama anataka jina lake litajwe. Akikubali, liandike kwa ukamilifu, mahali panapoonekana, usimzike kwenye "wanajamii walieleza kuwa". Hao wanajamii ni akina nani? Mtaalamu kwenye ripoti ana jina, ana cheo, ana picha. Mzee aliyemwonyesha mwamba ni "mwanajamii". Na ikiwa habari hiyo itazaa fedha, iwe mradi wa utalii Kilwa Kisiwani, iwe kiwanda cha gesi, iwe shahada ya uzamivu ya mtu wa mbali, fungu la waliosema lijulikane kabla, wala lisiitwe msaada.

Hoja ya kuirudisha mifupa ya Tendaguru imezuka bungeni zaidi ya mara moja, na itazuka tena. Mimi sina haraka ya kubishana kuhusu meli na makontena wakati bado tunawafanyia watu wetu wenyewe, kila mwezi, tena kwa bajeti iliyopitishwa, yale ya Berlin.

Mnaokuja Kivinje, Masoko, Mchinga na Lindi na madaftari yenu, mkimaliza kuandika rudini. Leteni ripoti kwa Kiswahili, muisome kwa sauti mbele ya waliowasimulia, muwaache wabishe na wasahihishe, kabla hamjaituma kwa mfadhili.